Tusinunue viungo vya intaneti

Akina mama, wiki hii mtu alitupigia simu: tumpe dola 50 za kikundi, naye ataweka viungo elfu moja ili ukurasa wetu wa mawese utokee wa kwanza kwenye Google. Tulikataa.

Kiungo ni maneno kwenye tovuti ya mwingine. Ukiyagusa, yanakupeleka kwetu. Tangu 1998 Google inavihesabu kama ushuhuda wa majirani. Lakini ushahidi wa kununua ni uongo: tangu 2012 inashusha kwa nguvu kurasa za namna hiyo.

Sisi tuandike vizuri namna tunavyokamua mawese hapa Hombo. Kisha tuombe shule, vikundi vya Bunyakiri na wanunuzi wa Bukavu wanaotujua waweke kiungo chetu. Vitano vya kweli vinatosha kuanza.