Mti Mfupi Usiotaka Haraka

Mwaka 1904 mabwana wawili wenye elimu ya miti, J. G. Jack na Alfred Rehder, walikuwa safarini katika milima ya Alberta, nchi ya Kanada. Karibu na Laggan waliona miche ya ajabu. Sprusi mweupe wa nchi ile, mti wa jamii ya misonobari, hufikia futi 80 na kuzidi. Lakini miche hiyo ilikuwa mifupi, majani yake yamesongamana, na umbo lake ni kama pia iliyopinduliwa. Ilipelekwa Boston, katika bustani ya miti ya Arnold Arboretum, na tangu hapo aina hiyo, iitwayo Conica, imeenea katika bustani za Marekani na Ulaya. Huzalishwa kwa vipande vya matawi, kwa sababu mbegu hazitegemewi kutoa mti mfupi kama mzazi wake.

Mti huu huongezeka inchi 2 hadi 4 tu kwa mwaka. Mwenye bustani asiyejua tabia hiyo huudhani mgonjwa, akaurundikia mbolea bure. Hauhitaji mengi: udongo usiotuama maji, na mahali pa wazi penye jua na hewa. Ukibanwa penye ukuta wenye joto, utitiri huushambulia, na majani yaliyo karibu na shina hukauka, yasiote tena. Yafaa kukung’uta tawi juu ya karatasi nyeupe. Vikionekana vidudu vidogo vinavyotembea, mti uoshwe kwa maji ya nguvu, ndani na nje, na kuangaliwa tena baada ya siku chache.

Hatari nyingine huja kwa sura ya neema. Baada ya miaka mingi, pengine tawi moja hurudia asili ya sprusi mkubwa. Hutoka nene, lenye majani marefu, na kwa mwaka mmoja huyapita yote. Mwenye mti hufurahi, akidhani sasa umepata nguvu. Kumbe tawi hilo, likiachwa, litaufunika ule mfupi, na kazi ya miaka 20 itapotea. Halina budi kukatwa mara linapoonekana, kwa makasi makali, mpaka pale lilipochipukia. Pengo litakalobaki huzibwa na matawi ya jirani, ingawa polepole.