MFEREJI WA SHAMBA: UDONGO, MAWE AU SIMITI?

Mkulima atoaye maji mtoni hana budi kujua ni kiasi gani cha maji hayo kitakachofika shambani. Mara nyingi sehemu kubwa huzama njiani, na mwenye shamba la mwisho hupata matope tu. Hapo ndipo magomvi ya zamu huanza.

Mfereji wa udongo mtupu hautaki fedha, ila jembe na jasho. Katika udongo wa mfinyanzi hufaa sana. Katika mchanga ni hasara. Ili kuujua udongo wake, mkulima na achimbe shimo mahali mfereji utakapopita, alijaze maji mpaka udongo ulowe, kisha alijaze tena jioni na kutia alama. Asubuhi akikuta maji yamekwisha, hapo pahitaji kusakafiwa.

Wengi hudhani kwamba simiti ni dawa ya kila mahali. Sivyo. Ni kweli kwamba debe 1 la simiti kwa madebe 2 ya mchanga na 4 ya kokoto, likisakafiwa kwa unene wa sentimeta 5 hadi 8, na kuachiwa viungo kila mita 2 au 3, hudumu miaka mingi, maadamu limeloweshwa siku 7 za kwanza. Lakini udongo mweusi, kama ule wa Mwea, huvimba ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi, nao huivunja sakafu hiyo. Maji hupenya chini yake kwa siri mpaka ukingo ubomoke. Tena udongo huo ukilowa hujiziba wenyewe, hata pengine simiti haina kazi.

Wamarakwet, katika bonde la Kerio, tangu zamani za mababu wameteremsha maji kwenye magenge kwa mawe, magogo, matawi na matope. Kazi hiyo huvuja, na mafuriko huibomoa. Lakini watu wa ukoo huitengeneza wenyewe bila kununua kitu.

Karatasi ya plastiki ni rahisi kutandika, ila jua huiharibu na kwato za ng'ombe huitoboa, isipofunikwa kwa udongo. Mabomba hayapotezi maji, lakini bei yake ni kubwa, na mchanga wa mto huyaziba.

Mwenye fedha kidogo afadhali asisakafie mfereji mzima. Simiti yake na aiweke penye mchanga, penye kona kali, maji yanapoanguka kwa nguvu, na penye malango ya kugawia maji.