Kitabu Kimpe Mtu Moyo, Kisimpe Lawama

Juma lililopita alifika ofisini petu kijana mmoja, fundi wa karakana. Hakuja kuleta habari, wala hakuja kulalamikia habari tuliyoipiga chapa. Mkononi alishika kitabu kilichochakaa, alichokinunua kwa wale wauza vitabu wanaotandika bidhaa zao chini, kando ya njia, huko Kariakoo. Kitabu hicho kilifasiriwa kutoka lugha ya kigeni, nacho chafundisha kwamba mtu akiwaza utajiri utamjia, na akiwaza dhiki itamwandama.

"Ndugu Mhariri," alituambia, "nimekisoma mara tatu. Nimefanya kila kilichoagizwa humu. Mwezi uliopita karakana yetu ilipunguza watu, nami nimo katika waliopunguzwa. Je, kosa ni langu? Yaani sikuamini vya kutosha?"

Tulinyamaza kitambo. Kisha tukamwuliza kama kitabu kile hakikumfaa kwa lolote. Akafikiri, akakiri kwamba kilimfaa. Tangu aanze kukisoma amezoea kuamka alfajiri, amekuwa akiandika matumizi yake katika daftari, na pombe ameipunguza. "Kilinipa moyo," alisema, "halafu kikanivunja moyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyotushikisha kalamu leo. Vitabu vya namna hii vimejaa katika miji yetu, na wanaovinunua si matajiri. Ni makarani, madereva, wauguzi, walimu, na vijana wanaotafuta kazi. Kuna watu wanaovicheka na kuviita vitabu vya ndoto. Kuna na wengine wanaovishika kama msahafu. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosea.

Yafaa kwanza tujue vitabu hivi vilianzaje. Katika miaka ya 1840, katika mji wa Leeds, Uingereza, vijana wachache wa hali ya chini kabisa waliafikiana kukutana jioni za siku za baridi ili wafundishane. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua; aliyejua hesabu alimgawia mwenziwe. Walianza katika chumba cha nyumba ndogo. Joto lilipofika wakahamia bustanini. Walipokaribia kuwa mia moja wakapanga jumba lililokuwa limetumika kuwa hospitali ya muda ya wagonjwa wa kipindupindu. Humo wakamwalika Samuel Smiles, mganga wa Kiskoti aliyepata kuwa mhariri wa gazeti mjini humo, aje azungumze nao. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake cha mwaka 1859 kiitwacho Self-Help, maana yake kujisaidia. Kilienea dunia nzima. Mwaka 1871 Nakamura Masanao alikitoa kwa Kijapani, nacho kikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana katika nchi ile ilipokuwa ikijijenga upya.

Twaomba msomaji aliangalie sana jambo moja hapo. Kitabu cha kujisaidia hakikuzaliwa na mtu mmoja aliyeketi peke yake akiwaza mema. Kilizaliwa na chama cha wafanyakazi waliosaidiana.

Tena tazama kilichomo ndani. Smiles hakuwaahidi vijana wale kwamba mawazo yao yangewaletea fedha. Aliwasimulia habari za watu na kazi zao. Mmoja alikuwa George Stephenson, mwana wa mchochea moto wa mashine katika machimbo ya makaa ya mawe. Alifika umri wa miaka 18 hajui kusoma. Akaanza kwenda shule ya usiku baada ya kazi, akilipa kwa mshahara wake mwenyewe, na mwishowe akawa mhandisi mkuu wa reli. Mwingine alikuwa Bernard Palissy, mfinyanzi wa Ufaransa, aliyetafuta kwa miaka mingi siri ya kung'arisha vyombo vya udongo, hata kuni zilipomwishia akatia tanuruni meza na mbao za nyumba yake. Mtu akisoma habari kama hizo hainuki akingoja bahati. Huinuka akitafuta chombo cha kazi.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, na watu kwa mamilioni wakakosa kazi. Katika miaka ile ya dhiki vikatokea vitabu vilivyopata sifa kubwa: cha Dale Carnegie mwaka 1936, juu ya namna ya kuishi na watu na kupendwa nao, na cha Napoleon Hill mwaka 1937, juu ya kuwaza na kutajirika. Haikuwa ajabu vikapendwa. Aliyefungiwa mlango wa kiwanda hutafuta mlango mwingine, na mlango uliobaki wazi ni ule wa moyo wake mwenyewe. Mafundisho kadha wa kadha ya vitabu hivyo ni mema: kumsikiliza mwenzio, kukumbuka jina lake, kutopenda ugomvi. Lakini katika safari ile mkazo ulihama polepole kutoka mikononi ukaingia mawazoni. Na palipo na fundisho kwamba mawazo huleta kila kitu, hapana budi palipopungukiwa na kitu mawazo ndiyo yalaumiwe. Hapo ndipo alipovunjikia kijana wetu. Karakana ilipunguza watu kwa sababu zake, naye akaenda nyumbani akitafuta kosa kichwani mwake.

Wala tusidhani kwamba maandiko ya kumwinua mtu ni mali ya wageni. Mwaka 1858, katika visiwa vya pwani ya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, naye yu mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa kumwachia kama dawa na hirizi ya maisha. Si kila agizo lake litakalokubaliwa na binti wa leo, lakini asiyeona mle upendo wa mama anayetaka mwanawe aishi kwa heshima hajui kusoma. Na Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, alituandikia wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya ufukara. Alikuwa akichukua vyungu kwenda kuviuza mjini. Hakupewa elimu ya shule. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na jina lake likafahamika pwani yote. Wasifu wake hauwadanganyi wasomaji. Wataja ufukara, wataja na dharau za watu. Kwa sababu hautufichi uzito wa mzigo, twamsadiki aliyeubeba, na twajiona sisi nasi twaweza kubeba wetu.

Nchi hii pia imekwisha kutuonyesha kwa vitendo namna kitabu kinavyoweza kugeuza mtazamo wa watu wengi kwa pamoja. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili waliketi katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza redio, wakasomewa sura ya kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watakalofanya. Kijitabu kilisema habari za malaria, safura na magonjwa mengine ambayo wengi walikuwa wakiyaona kama majaliwa tu. Somo lilipokwisha watu hawakurudi nyumbani kuwaza afya. Walichimba vyoo, walifyeka vichaka vilivyozunguka nyumba, walifukia madimbwi. Aliyekuwa akidhani homa ya mwanawe haina kinga akaiona kinga, tena imetengenezwa kwa jembe lake mwenyewe. Huo ndio mtazamo mwema usiovunjika: ule ambao mtu akiuliza ushahidi wake, anaweza kwenda nyuma ya nyumba akauona.

Basi twawashauri nini wasomaji wetu? Kwanza, someni. Mtu aliyechoka, aliyerudi kutoka kazini na kukuta taa haina mafuta na watoto wana njaa, ana haki ya kupewa neno la kumtia nguvu, na neno hilo likiwa kitabuni si haramu. Pili, kila mkimaliza sura, jiulizeni: kesho asubuhi nitafanya nini kwa sababu ya maneno haya? Sura isiyokuwa na jibu ni pambo tu. Tatu, kitabu kikikuambia kwamba umaskini wako watoka katika mawazo yako peke yake, kifunge, ukitazame kiwanda, shamba, bei ya unga na mkataba wako wa kazi, kisha uamue kama mwandishi yule aliwahi kuviona. Nne, msisome peke yenu. Tawi la Chama au la wafanyakazi likiwa na rafu moja ya vitabu, na jioni moja kwa juma ya kusomeana, litakuwa limefanya kazi waliyoifanya vijana wa Leeds katika jumba lao la kipindupindu.

Wako watakaotuambia kwamba mshahara hauongezwi na kitabu. Ni kweli. Mshahara huongezwa kwa mazungumzo, na mazungumzo yataka umoja wa wafanyakazi. Lakini na sisi twawaambia: mtu aliyekata tamaa haendi mkutanoni. Haulizi swali, haombi kuonyeshwa mkataba, hamwamshi mwenziwe. Moyo ndio unaomtoa mtu nyumbani. Akisha kutoka, wenziwe ndio wanaomfikisha. Wazee wetu walisema penye nia pana njia. Wazee hao hao walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakuona kwamba semi hizo zagombana, na sisi hatuoni hivyo.

Kijana yule tulimjibu kwamba kosa halikuwa lake. Kuamka alfajiri, daftari la matumizi na kupunguza pombe, hayo ni yake, ameyapata kwa jasho, wala hakuna mwenye karakana awezaye kuyapunguza. Tukamwuliza walipunguzwa wangapi. Akasema kumi na mmoja. Tukamwuliza kama amekwisha kuonana nao. Akasema la, aliona haya, kwa kuwa alidhani yeye ndiye aliyeshindwa.

Alipoondoka alikiacha kitabu mezani petu, akachukua karatasi tupu. Alisema anakwenda kuandika majina ya wale kumi.