Maneno Yaleyale, Hukumu Tofauti: Namna Katiba ya Marekani Inavyosomwa

Katiba ya Marekani iliandikwa Philadelphia mwaka 1787 na kuanza kutumika mwaka 1789. Ina ibara 7 tu, na katika zaidi ya karne mbili imefanyiwa marekebisho 27. Kuibadili si jambo jepesi. Kwa kawaida pendekezo hupitishwa na theluthi mbili ya kura katika kila baraza la Bunge, kisha liridhiwe na robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Ndiyo maana sehemu kubwa ya historia ya katiba hiyo imo katika hukumu za Mahakama ya Juu, ambayo leo ina majaji 9.

Uwezo wa mahakama kufuta sheria haukutajwa waziwazi katika katiba. Ulithibitishwa katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, mwaka 1803. Rais John Adams, akikaribia kuondoka madarakani, alimteua William Marbury kuwa hakimu wa ngazi ya chini, lakini hati ya uteuzi haikumfikia. Rais mpya, Thomas Jefferson, alikataa itolewe, na waziri wake, James Madison, akaizuia. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Jaji Mkuu John Marshall alikubali kwamba Marbury alistahili hati yake, ila akaamua kuwa kifungu cha sheria kilichomruhusu kuanzia shauri lake hapo kilipingana na katiba, hivyo ni batili. Marbury alikosa uhakimu, na mahakama ikajithibitishia mamlaka ya kuzipima sheria za Bunge kwa kipimo cha katiba.

Mamlaka hayo yaliibua swali ambalo bado linabishaniwa: jaji aisome vipi katiba? Kesi ya Dred Scott, ya mwaka 1857, ilionyesha uzito wake. Scott, aliyekuwa mtumwa, alidai uhuru kwa kuwa bwana wake aliwahi kuishi naye mahali ambapo utumwa ulikatazwa. Jaji Mkuu Roger Taney alitazama jinsi watu weusi walivyochukuliwa wakati wa kuandikwa kwa katiba, akahitimisha kwamba wenye asili ya Afrika hawawezi kuwa raia wa Marekani wala kushtaki katika mahakama za shirikisho. Hukumu hiyo ya dhuluma ilizidisha mgogoro uliofikia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Baada ya vita, Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yaliwapa uraia wote waliozaliwa nchini chini ya mamlaka yake, na kuyataka majimbo yampe kila mtu ulinzi sawa wa sheria.

Maneno hayo ya ulinzi sawa yamezaa hukumu mbili zinazopingana kabisa. Homer Plessy alikamatwa Louisiana kwa kukaa katika behewa la wazungu. Mwaka 1896 mahakama iliamua kwamba kutenganisha watu kwa rangi hakuvunji usawa, mradi huduma ziwe sawa. Jaji John Marshall Harlan peke yake alipinga, akisema katiba haitambui matabaka miongoni mwa raia. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown iliyohusu shule, majaji wote 9 waliamua kwamba shule zilizotengwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kwamba historia ya mwaka 1868 haikutoa jibu la hakika, hivyo elimu ipimwe kwa nafasi iliyo nayo sasa katika maisha ya taifa. Hakuna neno hata moja la Marekebisho ya 14 lililokuwa limebadilishwa.

Nadharia kuu za usomaji huo ni tatu. Ya kwanza hushikilia maana ya asili: maneno yabaki na maana waliyoielewa watu yalipopitishwa, na anayetaka mabadiliko aende kwa wapiga kura. Jaji Antonin Scalia alikuwa mtetezi wake mashuhuri. Ya pili huiona katiba kuwa hai: misingi kama usawa na uhuru haibadiliki, lakini matumizi yake hukua kadiri jamii inavyokua. Jaji William Brennan aliitetea kwa nguvu. Ya tatu huzipa uzito hukumu zilizotangulia, ili sheria itabirike na isigeuzwe kila jaji mpya anapoapishwa.

Kila moja ina udhaifu wake. Katika kesi ya Heller ya mwaka 2008, kuhusu haki ya kumiliki silaha, Scalia na Jaji John Paul Stevens walichimba historia ileile na kufikia majibu yanayopingana, kura zikiwa 5 kwa 4. Wanaoiona katiba kuwa hai hulaumiwa kwa kuwaachia majaji wasiochaguliwa na wananchi nafasi kubwa mno. Nazo hukumu zilizotangulia hazidumu daima: haki ya kutoa mimba iliyotambuliwa mwaka 1973 katika kesi ya Roe ilifutwa mwaka 2022 katika kesi ya Dobbs, wengi wa majaji wakisema haina mizizi katika historia ya nchi.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika simulizi hili. Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza upande wa walalamikaji katika kesi ya Brown, aliwashauri wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960, akawaandalia rasimu ya haki za raia. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 259, inaeleza yenyewe namna ya kuisoma: kwa kuendeleza madhumuni, maadili na misingi yake, na kwa kuichukulia sheria kuwa inazungumza wakati wote. Katiba ya Marekani haina kanuni pana ya namna hiyo, na kila kizazi cha majaji wake hulazimika kulijibu swali hilo upya.