Siku Tano Málaga: Babu na Wajukuu Katika Nchi ya Andalusi

Watu wengi wakisikia likizo katika pwani ya Mediterania hukumbuka mchanga, miavuli ya rangi na watu waliojianika juani. Sisi wa Mombasa hatukuwa na haja ya kulipa nauli ya ndege ili tukatazame mchanga. Jua tunalo na bahari tunayo. Tuliyoyafuata Málaga, mji wa bandari ulioko kusini mwa Hispania, yalikuwa nyuma ya ufuo: ngome, misikiti ya kale na majumba ya wafalme, ambayo msafiri aliyefikia mjini humo aweza kuyaendea asubuhi na kurudi usiku wa siku ile ile.

Tulikuwa watano: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 13, mdogo wake wa miaka 9, na baba mkwe wangu aliyetimiza miaka 74. Mzee ndiye aliyekuwa chanzo cha safari. Alisomesha historia kwa miaka mingi, na tangu ujana wake alikuwa na nadhiri mbili za moyoni. Ya kwanza ilikuwa kuhiji, na Alhamdulillahi alikwisha kuitimiza. Ya pili ilikuwa kuuona msikiti wa Córdoba na kusali rakaa mbili ndani yake. Sehemu ya kiinua mgongo chake aliiweka kwa ajili hiyo, nasi tukaongeza tulichojaliwa. Likizo ya shule ya mwezi wa Agosti ilipofika, tukafunga safari.

Njia aliyoipita Ibn Battuta

Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja akiwa njiani kwenda Kilwa, naye akawasifu watu wake kwa ucha Mungu na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Yapata miaka 20 baadaye msafiri huyo huyo aliingia Málaga. Alizisifu tini na lozi zake, akavisifu vyombo vyake vya udongo vilivyopakwa rangi ya dhahabu, na ua wa msikiti wake mkuu uliopandwa michungwa. Mzee aliwaeleza wajukuu habari hizi tulipokuwa tungali uwanja wa ndege, na tangu hapo Málaga haikuwa tena mji wa kigeni kwao. Ulikuwa mji wa mtu aliyewahi kuoga maji ya kwetu.

Siku ya kwanza tuliutembea mji kwa miguu. Ngome ya Alcazaba, ambayo jina lake ni neno la Kiarabu kasba, imejengwa kilimani tangu karne ya 11, na miguuni pake pana uwanja wa michezo wa Warumi ulio wa kale zaidi. Juu zaidi iko ngome ya Gibralfaro, na kutoka ukutani pake bandari yote huonekana. Msikiti ule wa michungwa haupo tena. Málaga ilitekwa mwaka 1487, na mahali pake pamesimama kanisa kuu lenye mnara mmoja, kwa kuwa wa pili haukumalizika.

Lakini lango moja limesalia. Soko kuu la Málaga huitwa Atarazanas, neno litokanalo na Kiarabu lenye maana ya kiwanda cha merikebu, maana hapo zamani bahari ilifika mpaka mlangoni. Lango lile la mawe lina ngao mbili ndogo zilizochongwa maandishi ya Kiarabu yanayosema kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wachuuzi wa samaki na wanunuzi hupita chini yake kutwa. Binti yangu ndiye aliyeyaona kwanza, akayasoma herufi kwa herufi kama alivyofunzwa chuoni, na mwanamume mmoja aliyebeba kikapu cha zeituni akasimama kumsikiliza.

Mdogo wake alijitungia mchezo wake. Alikuwa akitafuta maneno ya Kihispania anayoyajua tayari kwa Kiswahili: azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, jazmín ni yasmini, limón ni limau. Alipoambiwa kwamba meya huitwa alcalde, na kwamba asili yake ni kadhi, alicheka mpaka akakaa chini.

Neno nililolichelewesha

Siku ya pili tulikwenda Córdoba. Treni ya kasi kutoka Málaga huchukua muda wa saa moja hivi, ikipita katikati ya mashamba ya mizeituni yasiyo na mwisho. Nami nilikuwa na neno la kumwambia mzee, neno ambalo nilikuwa nimeliahirisha tangu nyumbani. Jengo lile leo ni kanisa kuu la Kikatoliki, na Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani yake.

Nilimweleza treni ilipokuwa ikienda. Alinyamaza kwa muda mrefu, akitazama nje.

"Mbona hukunambia nyumbani?" aliniuliza.

"Nilichelea kukuvunja moyo, baba."

"Moyo haukuvunjika, mwanangu. Lakini ningalitoka na nia nyingine."

Sikuwa na la kumjibu. Ni kosa langu, na ninaliandika hapa ili mwingine asilirudie. Mzee anayesafiri kwa nadhiri ana haki ya kuambiwa yote kabla hajafunga mkoba.

Ujenzi wa msikiti ule ulianzishwa na Abdulrahman wa Kwanza mwaka 785. Ndani mna nguzo zaidi ya 850, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya Kirumi, na juu yake matao mawili mawili yenye mistari ya rangi nyekundu na nyeupe. Mtu huingia kutoka kwenye jua kali akajikuta katika kiza baridi, na kila agekapo huona safu nyingine za nguzo zikienda mbali, kama shamba la minazi wakati wa magharibi. Ukuta wa kibla uliojengwa zama za Khalifa Al-Hakam wa Pili una mihirabu iliyopambwa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo na dhahabu. Córdoba ilitekwa mwaka 1236, na tangu mwaka 1523 katikati ya safu zile pakaanza kujengwa kanisa refu lenye kuba lake.

"Babu, mbona wameweka kanisa tumboni mwa msikiti?" aliuliza mjukuu.

"Walioshinda walijenga juu ya walioshindwa," akamjibu. "Na wanahistoria wa kale walipokea kwamba kabla ya msikiti palikuwa na kanisa papa hapa. Usisome ukurasa mmoja ukafunga kitabu."

Mbele ya mihirabu pana kizuizi cha chuma. Mzee alisimama hapo mikono yake ikiwa ubavuni, midomo ikitikisika kidogo. Kijana wa ulinzi alisogea akawa anamtazama. Ilipita kiasi cha dakika kumi. Kisha mzee akamtikisia kichwa yule kijana kwa heshima, naye akamrudishia, tukatoka mpaka kwenye ua wa michungwa.

"Babu, ulisali?" binti yangu alimnong'oneza.

"Niliomba dua moyoni. Nimeingia kwa tiketi, mimi ni mgeni. Nikifanya nililokatazwa, yule kijana atakwenda kwao aseme Waislamu ndiyo tabia yao."

Hatukusema mengi katika treni ya kurudi. Adhuhuri tuliikusanya na alasiri kwenye nyumba tuliyofikia, mzee akitusalisha.

Rakaa mbili za Granada

Siku ya tatu tulipanda basi kwenda Granada, mwendo usiofika saa mbili. Huko ndiko liliko jumba la Al-Hamra, yaani lile jekundu, ambalo ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1238. Ndilo lililokuwa makao ya wafalme wa mwisho wa Andalusi mpaka Abu Abdillah alipokabidhi funguo tarehe 2 Januari 1492.

Hapa kosa langu la pili lilijitokeza. Tiketi za kuingia katika majumba ya wafalme hutolewa kwa idadi maalumu, kwa jina na kwa wakati uliopangwa, na nilipozitafuta zilikuwa zimesalia nne tu. Nikawaachia wenzangu, nikajinunulia tiketi ya bustani. Kwa hiyo sikuuona Ua wa Simba, ambao nguzo zake nyembamba ni 124 na simba wake wa marumaru ni 12. Nimesimuliwa na binti yangu, ambaye alitoka humo akisema kuta zinasoma: yale maneno ya langoni Málaga yamerudiwa humo mara zisizohesabika. Mimi nilikaa katika bustani ya Generalife nikisikiliza maji. Yameletwa kutoka mto Darro kwa mfereji uliochimbwa zama hizo, na mpaka leo yanapita kati ya maua bila kukoma.

Baada ya hapo tulivuka bonde mpaka mtaa wa Albaicín. Kileleni mwake, mkabala na Al-Hamra, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 kwa juhudi za jumuiya ya Wahispania waliosilimu. Granada ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 500 bila kujengwa msikiti. Muadhini hupanda mnarani na kuadhini kwa sauti yake tu, bila kipaza sauti. Tulifika kabla ya adhana. Mzee alitawadha, akaingia, akasali rakaa mbili, kisha akakaa akingojea jamaa. Waliosimama safu moja naye walikuwa Wahispania, Wamoroko, na kijana mmoja kutoka Senegal.

Alipotoka aliketi bustanini akilitazama lile jumba jekundu ng'ambo ya bonde. "Kule kuna kuta zisizo na watu wake," alisema. "Hapa kuna watu, na kuta ni za juzi tu. Ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua hiki."

Ya kuzingatia kabla hujafunga safari

Mwenye nia ya safari kama hii na aanze mapema. Viza ya Schengen huhitaji subira, na tiketi za Al-Hamra zinunuliwe kabla hata ya kupanga siku nyingine, kila jina likilingana na pasipoti. Agosti ni mwezi wa jua kali. Córdoba joto hufika nyuzi 40, basi wenye wazee na watoto watembee asubuhi. Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mchana ni mrefu na ruhusa ya msafiri ya kufupisha na kukusanya sala ni neema kubwa.

Kuhusu chakula, migahawa ya Wamoroko ni msaada, lakini kilichotupendeza zaidi ni dagaa wakubwa wa pwani ya Málaga, wanaotungwa kwenye kijiti na kuchomwa kando ya moto wa kuni ndani ya mashua iliyojazwa mchanga. Wenye siku ya ziada wanaweza kwenda Ronda, mji uliopasuliwa na bonde lenye daraja la mwaka 1793, au Nerja kwenye mapango makubwa. Sisi siku ya nne tulikwenda Nerja, na ya tano tulipumzika baharini.

Swali la ndani ya ndege

Tukirudi, mzee alikuwa akiwaeleza wajukuu jinsi watu wa Gede nao walivyojua kuchimba visima na kujenga nyumba za mawe zenye vyoo. Binti yangu akamkatiza.

"Babu, mimi sijawahi kufika Gede."

Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama. Tulikuwa tumevuka bara zima kumwonyesha mtoto mji wa Waislamu uliohamwa, na mwingine uko mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka mlangoni petu. Hata UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2024, nasi bado tulikuwa hatujampeleka. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Jumamosi ya pili baada ya kurejea tulipanda matatu asubuhi. Msikiti mkuu wa Gede hauna paa. Mibuyu imeuzunguka, na kima walikuwa wakirukaruka juu ya kuta. Hapakuwa na msongamano wa watu. Binti yangu alisimama mbele ya mihirabu ya mawe ya matumbawe akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza hapo kibla kiko upande gani. Babu yake alimshika mabega, akamgeuza kidogo, akamwonyesha kaskazini.