Kutajwa na Kutumika: Makala Moja ya Malaria kutoka Unguja

Mtafiti wa tiba hupimwa kwa njia nyingi, lakini kipimo kinachohofiwa zaidi vyuoni ni hesabu: amechapisha makala ngapi, nazo zimetajwa mara ngapi katika kazi za wenzake. Hesabu hiyo ilipata chombo chake mwaka 1964, Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, alipoanza kutoa faharasa ya sayansi inayoonyesha nani amemtaja nani. Kusudi lake kubwa lilikuwa kumwezesha mtafiti kuzipata kazi zinazokaribiana na yake. Kuwapanga watu kwa madaraja kulishika nguvu baadaye.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kiitwacho h. Chukua mtafiti mwenye makala tano, zilizotajwa mara 30, 12, 7, 4 na 1. Makala zake nne zimetajwa angalau mara nne kila moja. Kwa hiyo h yake ni 4. Mwenzake mwenye makala moja tu, hata ikitajwa mara 500, ana h ya 1. Mwanafunzi atakayeifanya hesabu hii ubaoni ataona mara moja udhaifu wake.

Mfano mzuri uko Unguja. Klorokwini ilipokwisha kushindwa na vimelea vya malaria, Zanzibar ilianza, Septemba 2003, kutoa bure katika vituo vya serikali dawa mseto ya artesuneti na amodiakwini. Mwanzoni mwa 2006 vikafuata vyandarua vilivyotiwa dawa ya kudumu. Watafiti walifuatilia matokeo katika wilaya ya Kaskazini A: walisoma kumbukumbu za vituo vya afya na za vizazi na vifo, na mwezi wa Mei wa 2003, 2005 na 2006 wakapima damu za watu majumbani.

Matokeo yalichapishwa Novemba 2007 katika jarida la PLoS Medicine. Kati ya 2002 na 2005 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu zote, vilipungua kwa asilimia 52. Watoto waliolazwa kwa malaria walipungua kwa asilimia 77, na waliohitaji kuongezewa damu kwa asilimia 67. Msomaji azitazame tarehe: upungufu huo ulitokea kabla vyandarua vya 2006 havijagawiwa. Vyandarua vilipofika, kiwango cha watu wenye vimelea kilishuka tena, mara kumi hivi.

Makala hiyo imetajwa sana, na kwa haki. Lakini ina majina 15. La kwanza ni Achuyt Bhattarai. La pili ni Abdullah S. Ali, aliyekuwa akiongoza mpango wa kudhibiti malaria Zanzibar. La mwisho ni Anders Björkman wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, kwani katika sayansi za tiba nafasi ya mwisho kwa desturi ni ya kiongozi wa utafiti. Ndani ya maandishi ya wengine wote hao hufupishwa kuwa "Bhattarai na wenzake". Faharasa, kwa upande wake, humpa kila mmoja wa wale 15 hesabu nzima, kana kwamba ameiandika peke yake. Na mwandishi wa daftari la vizazi na vifo, ambaye pasipo mkono wake asilimia 52 isingejulikana, hapati hata moja.

Kuna upungufu mwingine, pengine mkubwa zaidi. Hutaja yule tu anayeandika makala. Ofisa wa afya aliyeisoma kazi ile akaagiza dawa zaidi hakuongeza kitu katika hesabu ya mtu yeyote. Taarifa ya ofisi nayo haihesabiwi, ijapokuwa Zanzibar ina sababu ya kuzithamini kumbukumbu za namna hiyo: kampeni ya kupulizia DDT majumbani, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikomeshwa mwaka 1968 malaria ikiwa imepungua mno, na ugonjwa ukarudi. Mwenye kupanga bajeti ya vyandarua leo anaihitaji habari hiyo kuliko h ya mtu yeyote.

Jarida lile husomwa bila malipo. Mwalimu wa baiolojia wa Mji Mkongwe anaweza kuwapa wanafunzi wake majedwali yake, wakazikokotoa asilimia wenyewe, na wakaulizana ni tarakimu zipi zilitoka hospitalini na zipi zilitoka majumbani.