Ile Apdeti Unayoiambia "Baadaye"

Mwezi uliopita sokoni Msambweni, mama mmoja muuza samaki alinipa simu yake nimuangalizie. "Mwanangu, kila asubuhi hii yaniletea tangazo, nami naiambia baadaye. Nina wateja mie!" Tangazo lilikuwa la apdeti ya usalama. Na simu ni ile ile anayopokelea malipo ya samaki kutwa nzima.

Sikumlaumu. Bando ni pesa, na apdeti haionyeshi faida. Simu inazima, inawaka, iko vile vile. Lakini kuna kisa.

Simu za Android, ambazo ndizo wengi wetu tunazo kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, ndani yake zinaendeshwa na keneli ya Linux, yaani kile kiini kinachoamua programu gani iguse nini. Mwishoni mwa 2017 kasoro ilionekana katika sehemu ya keneli iitwayo Binder, ambayo programu huitumia kuwasiliana. Mapema 2018 wataalamu wa Linux wakaiziba. Shida ni kwamba haikutangazwa kama kasoro ya usalama wala kupewa namba rasmi, kwa hivyo simu nyingi hazikupelekewa dawa. Septemba 2019 Maddie Stone, wa kikosi cha Project Zero cha Google, akakuta dalili kwamba tundu hilo hilo linatumika kushambulia watu. Aliyeweza kulitumia aliitawala simu nzima. Redmi 5A, Redmi Note 5, Huawei P20 na Samsung S7 hadi S9 zilikuwemo. Dawa ilikuwepo muda wote huo, jamani!

Kawaida Project Zero humpa mtengenezaji siku 90 kabla ya kuianika kasoro hadharani. Hii walimpa 7, kwa sababu watu walikuwa tayari wanaumizwa. Na mbona wafiche hata siku moja? Chukulia kufuli za vibanda pale Ukunda. Fundi akipaza sauti kwamba aina fulani inafunguka kwa msumari, mwenye duka atasikia, na mwizi naye atasikia. Kwa hivyo anatengeneza kufuli mpya kimya kimya, ndipo atangaze. Siku ya tangazo ndiyo siku mbaya kwa aliyebaki na kufuli ya zamani. Google imekuwa ikitoa matangazo ya namna hii kwa Android tangu Agosti 2015.

Apdeti pia huchelewa kiwandani. Aina nyingi za simu zimejengewa keneli zake, na msimbo uliokubali kwenye moja huweza kukataa kwenye nyingine, labda kwa sababu ya kamera au chipu ya mtandao. Wahandisi husoma makosa kuanzia la kwanza, maana yanayofuata mara nyingi ni mikia yake tu.

Simu ya mama yetu ilikataa mara mbili. Kosa la kwanza: nafasi imejaa. Video za WhatsApp za harusi, nyingi ajabu! Tukafuta, tukachomeka chaja, nikamgawia intaneti ya simu yangu, ikakubali.

Yako iangalie leo: Mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android, kisha tarehe ya usalama. Ikiwa imepita mwaka na simu inasema hakuna apdeti, huenda mtengenezaji ameshaiacha. Hapo usiweke programu yoyote kutoka nje ya Play Store, na ukiweza, akiba kubwa isikae kwenye laini ya simu hiyo. Apdeti hii hupatikana ndani ya Mipangilio. Linki ya SMS si apdeti, na anayekupigia akitaka PIN ili "akusasishie simu" ni mwizi, hata akijitambulisha kwa jina letu.

Ilipowaka, mama akaigeuza geuza. "Mbona sioni kipya?" Nikamwonyesha tarehe, iliyokuwa imekwama miezi 7 nyuma. Akaisoma, akaifuta mkono wa samaki, akamwita mteja aliyekuwa akisubiri.